Mkono wa Birika

Mama alivunjika kifundo cha mkono
akishuka ngazi za jikoni, tatu tu,
beseni la nguo likafika chini kabla yake.
Daktari pale Guimarães aliinua picha kwenye mwanga:
mifupa, alisema, imekuwa kama mkate wa juzi.
Kalsiamu, Bi Felismina. Majani ya kijani.
Mama akacheka kwa pua.
Miaka sabini na minne nimekuwa nikila nini, mawe?

Nilirudi na pakiti mbili za spinachi ya barafu
na karatasi niliyoichapisha kazini.
Nashika hesabu za kiwanda cha viatu, mwaka wa tisa huu;
safu ikijumlika, naiamini.

Gramu mia za spinachi iliyochemshwa:
kalsiamu miligramu mia moja thelathini na sita.
Gramu mia za sukuma, hii ya kwetu
inayochungulia nyuma ya banda la kuku
kwa shingo ndefu kama jirani mmbeya:
mia moja arobaini na moja.
Sare, nikamwambia mama. Tano si kitu.
Kwa vitamini C sukuma iko mbele,
lakini chuma! Kwa chuma spinachi inaiacha mbali.
Basi spinachi, nikasema, nikafungua pakiti.

Chini kabisa ya karatasi palikuwa na maandishi
madogo kama ya mkataba wa bima.
Nikavaa miwani.
Spinachi ina asidi ya oksaliki,
huishikilia kalsiamu yake kwa vidole vyote,
hupita nayo tumboni, mlango wa kuingilia
hadi mlango wa kutokea, haijaiachia.
Katika kila mia, mwili huambulia tano hivi.
Sukuma huachia karibu nusu.

Nilimsomea mama mara mbili.
Akatazama dirishani, akasema:
Baltasar.

Mjomba Baltasar! Mashamba mawili ya mizabibu,
nyumba ya kupangisha Braga,
na daftari la benki lenye jalada la ngozi
alilolitoa mfukoni kila Krismasi, tukaliona,
akalirudisha.
Mkono wa birika, umejipinda kujielekea wenyewe.
Baba alipolazwa, alimletea machungwa matatu
akaondoka na mfuko.
Shangazi Idalina, mfua shuka za hoteli,
alikuja na noti nne zilizolowa jasho,
akaacha mbili chini ya mto, hakuaga.

Miaka tisa ya safu, na sikuwahi kuchora
safu ya kile kinachofika.

Ila nisiionee spinachi.
Dada yangu Graça ana mimba ya miezi miwili,
mkunga amemsisitizia foleti,
na hiyo spinachi inayo, tena haina choyo nayo.
Pakiti zote mbili nikampelekea.
Hata mjomba, tulipofungua droo yake baada ya maziko,
chini ya daftari lile tulikuta risiti:
ada ya shule ya Graça, miaka mitatu,
jina la mlipaji limeachwa wazi.
Mama alizikunja, akazitia kwenye kopo la chumvi.
Hatujalizungumza tena.

Sasa viazi vinatokota na kitunguu saumu,
mama yuko kwenye kigoda, plasta kifuani,
na kisu, kwa mara ya kwanza, kiko mkononi mwangu.
Majani ya sukuma nimeyaviringisha kama sigara,
nakata. Yanatakiwa yawe nyuzi,
membamba hata maji ya moto yakiyagusa tu yameiva.

Mishipi hiyo, anasema mama.
Nakata tena.
Kamba za viatu.
Nakata tena.
Anainyosha shingo, anachungulia ubao.
Kamba za viatu vya mtoto, anasema.
Haya. Tia.